Mwaka ambao Solange Alitusemea Filamu

Mwezi uliopita Solange alishuka hapa Goma kwenye boti ya Bukavu akiwa na viatu vyeupe, juu ya matope yote yale ya gati, akanikumbatia mbele ya wachukuzi na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka soko la samaki la Kituku, "Kavira, wewe umezeeka vibaya. Mimi nimezeeka muzuri." Hajabadilika hata kidogo. Nilimpeleka nyumbani nikampikia sombe, majani ya mihogo ya kutwanga, na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga, na wakati ugali ungali motoni, binti yangu wa mwisho alikuwa amejikunja kwenye kiti anatazama filamu kwenye simu, zile za wanafunzi wa Amerika: msichana mzuri anapita katikati ya shule, rafiki zake watatu nyuma yake, na kila anayesimama kando anawachukia na anatamani kuwa wao. Solange aliinama juu ya bega lake, akatazama kidogo tu, akaanza: "Huyu njo mubaya? Hapana, huyu iko na njaa. Angalia mashavu. Hawa watatu nyuma banamufuata ni juu anajua fasi gani kuko chakula." Binti yangu alicheka mpaka simu ikamponyoka. Mimi nilirudi jikoni nikasimama na mwiko mkononi, machozi yananitoka, na wala sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimesikia tena ile sauti ya mwaka wetu wa Katindo, sauti niliyoionea wivu kuliko kitu chochote nilichopata kukitaka duniani.

Mwaka ule tulikuwa wasichana wa lise, yaani sekondari, sketi za buluu na blauzi nyeupe, na mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Malori ya askari yalitoka kambi ya Katindo asubuhi yakiwa yamejaa na yalirudi jioni yakiwa na nafasi. Kila nyumba ilikuwa na mgeni mkimbizi aliyelala chini: wa Masisi, wa Rutshuru, wa wapi tena. Hatukuwa na pa kwenda Jumapili baada ya misa, isipokuwa kwa Mama Zawadi. Mumewe alikuwa komanda, na komanda alikuwa amemletea kutoka huko alikopigana televisheni, mashine ya kaseti za video na jenereta. Chumba chake cha mbele kilikuwa cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kimebandikwa kalenda za watakatifu. Tulikaa sakafuni wasichana, wanawake wa kambi kwenye mabenchi na watoto wao migongoni, na kulikuwa na harufu ya mafuta ya jenereta, maziwa ya watoto na maandazi ambayo Mama Zawadi aliyakaanga mwenyewe na kuyapitisha kwenye sinia. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, mwenye moyo mzuri, na alilia kwa urahisi sana. Kaseti alizokuwa nazo zilikuwa karibu zote za aina moja, hizo za vijana wa Amerika na shule zao, na zote zilikuwa kwa Kiingereza. Chumba kizima hakikuwa na mtu wa kuelewa neno.

Ndipo Solange alipoinuka. Ilikuwa karibu na Pasaka. Familia yake ilikuwa ya Bukavu, baba yake karani, na yeye alikuwa klase moja na mimi, msichana mwembamba mwenye meno makubwa ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama mara mbili. Alisema amejifunza Kiingereza kwenye redio. Mama Zawadi akamwambia, "Basi kaa hapa utuambie," akamwekea kiti kando ya televisheni, atutazame sisi. Na Solange akatusemea. Hakuwa na haraka. Alimwacha mtu wa kwenye filamu aseme mpaka afunge mdomo, akanyamaza kidogo kama anayeonja mchuzi, kisha akatoa maneno yake. Wote aliwapa majina ya kwetu, wakawa Bijou na Papa Jaji na Mama Mukubwa. Walipogombana, waligombana kama wanawake wa Kituku wanaogombea samaki. Walipobusiana, alisema kwa heshima zote, "Hapa banasali," na Mama Zawadi alifanya ishara ya msalaba. Siku moja farasi alimkanyaga mama wa mtu katika filamu, na Solange alimsemea maneno ya mwisho marefu, ya kuwaaga watoto mmoja mmoja, chumba kizima kikalia. Tangu siku hiyo aliitwa kila mahali. Barabarani wanawake walimsimamisha kumuuliza Bijou ameolewa au bado. Shuleni wasichana walimbebea daftari.

Filamu iliyotushika kuliko zote ilikuwa ya msichana mwenye lunete, yaani miwani. Nieleze vizuri, maana leo binti yangu haniamini. Kulikuwa na msichana mwenye lunete kubwa usoni, anakaa peke yake kwenye meza ya shule, mbele yake sinia nzima ya chakula. Na kulikuwa na msichana mwingine mwenye nywele za njano, suruali imetoboka magotini, amebanana na wenzake kwenye meza moja. Sasa niulize mimi, pale Goma, mwaka ule, nani kati yao alikuwa mkubwa? Lunete tuliziona kwa mwakilishi wa askofu, kwa hakimu, na kwa mkuu wa shule. Kwetu watu kumi tulizunguka sahani moja, na mtu wa kula peke yake kwenye meza yake alikuwa ama mgonjwa ama tajiri, na yule hakuwa mgonjwa. Solange hakusita hata kidogo. Mwenye lunete akawa Binti Jaji, malkia wa shule. Wale wengine walikuwa maskini wenye kijicho wanaomcheka kwa sababu hawawezi kumfikia. Alipopita peke yake kwenye ukumbi mrefu na wote wakamtazama, Solange alisema polepole, "Banamuogopa. Hata salamu bananyima, juu hawajue bamusalimie namna gani." Tulishusha pumzi zote pamoja. Tulimpenda Binti Jaji mpaka tukaumia.

Jumatatu yake, mapumziko ya saa nne, ungekuja lise yetu ungeona maajabu. Kila msichana alikuwa ameketi peke yake. Mmoja juu ya jiwe, mwingine kwenye kona ya ukuta, mwingine chini ya dirisha la kanisa, kila mmoja na andazi lake, kidevu juu, anatafuna taratibu bila kumtazama mwenzake. Wengine walikuwa wamejitengenezea lunete za waya. Masere, watawa waliotufundisha, walitoka wakasimama barazani wakiwa wamechanganyikiwa. Walifikiri tumegombana wote kwa pamoja, wakatupeleka kanisani tuombe amani. Tuliomba, kila mmoja kwenye benchi yake. Na tulipotoka nje, Solange peke yake ndiye aliyekuwa amezungukwa na wasichana. Sikuiona hiyo kama ajabu wakati ule. Niliona tu kwamba anayetuambia malkia ni nani ndiye malkia mwenyewe, na roho iliniuma. Nilikuwa na sauti nzuri kuliko yake, au hivyo nilijiambia. Nikienda Kituku kuchota maji nilisimama kwenye mawe ya ziwa na kujaribu: nilimsemea mvuvi anayevuta mtumbwi, nilimsemea mwanamke anayebishania bei, nikisubiri wafunge mdomo kama Solange. Maneno yalitoka yamekufa. Nilirudi na bidoni ya maji kichwani nikimchukia, na Jumapili nilikuwa wa kwanza kufika nikae karibu na miguu yake.

Karibu na mwisho wa mvua alikuja kwetu Masika, mtoto wa mama yangu mdogo, akapewa nusu ya kitanda changu. Alitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa jingine, kaskazini. Kijiji kilipovamiwa, walipanda mitumbwi na wavuvi wakakata ziwa usiku mpaka Uganda, wakakaa huko kwenye kambi ya wavuvi, akasoma huko mpaka mama yake alipofariki. Alikuwa mpole, mkweli wa kuudhi, mtu ambaye ukimuuliza kama nguo imekupendeza anakujibu. Mama yangu alimkalisha jikoni siku ya kwanza kabisa, akamwambia nikiwa nasikia: "Mwanangu, hapa Katindo wewe umetoka Vitshumbi, basi. Uganda usiitaje kwa mudomo wako. Umesikia?" Hakuhitaji kufafanua. Majeshi yaliyokuja kama marafiki, la Waganda na la majirani wa upande wa huku waliowaweka waasi wetu Goma, yalikuwa yamekwisha kupigana yenyewe kwa yenyewe Kisangani, na mtu aliyefika Goma kutoka upande ule aliitwa mpelelezi kabla hajaomba maji ya kunywa. Hata sisi wa Butembo, mji ulio upande wa Waganda, tulipunguza sauti tukiongea Kinande sokoni. Kijana mmoja wa jirani alichukuliwa aulizwe maswali kuhusu safari ya Kasese, huko Uganda, na mama yake alikuwa bado anapeleka chakula kwenye lango la kambi, wanakipokea, hawamwambii kitu.

Jumapili ya kwanza nilimpeleka Masika kwa Mama Zawadi. Alitazama filamu nzima akiwa amekunja uso. Usiku tulipolala alinigeukia. "Kavira, yule rafiki yako hajui Kiingereza." Nikamwambia alale. "Hajui hata kidogo. Yule wa lunete banamucheka. Hana rafiki. Anakula peke yake juu hakuna mutu anataka kukaa naye. Yule wa nywele za njano njo malkia." Nilikaa kitandani. Mama yangu wee! Nilisikia furaha mbaya inanipanda kutoka tumboni, tamu kama asali, kwa sababu nilijua sasa kwamba ninaweza kumwangusha Solange kwa sentensi moja. Halafu nikamtazama Masika pale kwenye giza na nikaelewa kwamba sentensi hiyo ina mlango wa pili, na mtu atakayeulizwa alikijuaje Kiingereza ni yeye. Nikamshika mkono nikamwambia asiseme tena kwa mtu. "Sisemi," akasema. "Lakini Solange anasema muzuri kuliko wale wenyewe. Kweli. Filme yake ni nzuri kuliko ile." Hilo liliniuma zaidi.

Hatukusema. Kilichotuponza ni kicheko. Jumapili iliyofuata ile filamu ya lunete ilirudiwa kwa kuombwa, chumba kimejaa mpaka mlangoni, na komanda mwenyewe alikuwa amerudi kutoka vitani na anakula nyuma ya pazia, tunasikia kijiko chake. Kwenye skrini mwalimu mzee alisema jambo, uso mkavu kabisa, na Masika, aliyekaa nami karibu na miguu ya Solange, akaangua kicheko. Peke yake. Kabla Solange hajafungua kinywa. Vichwa vyote viligeuka, na nikamwona Solange anamtazama, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa papo hapo, kabla ya chumba kizima, kwamba huyu anajua Kiingereza. Mama Zawadi akasimamisha kaseti. "Wewe, mutoto wa Vitshumbi. Unacheka nini?" Masika akasema, "Samahani, mama, ni kile alisema yule muzee." "Kumbe unasikia Kiingereza? Simama basi. Tuambie sawasawa, tusikie kama Solange anatuambia yote." Alisema kwa furaha tu, kama mtu aliyepata sahani ya pili. Kaseti ikaendelea. Na Masika, Mungu amsaidie, hakujua kudanganya. Alisimama katikati ya wale wanawake akasema kilichokuwa kinasemwa. Huyu wa lunete banamuita mubaya. Huyu hakuna mutu anamupenda. Huyu wa suruali ya kutoboka iko na nyumba kubwa.

Hakuna hata mmoja aliyemwamini. "Suruali imepasuka na iko na nyumba kubwa? Anabeya bongo, anadanganya!" "Mutu wa lunete achekwe na nani?" "Muongo huyu, aketi chini!" Walimtetea Binti Jaji kama ndugu yao. Andazi lilirushwa. Nilikuwa nimeanza kucheka kwa hofu, nikidhani mambo yatakwisha hivyo, Masika ameitwa muongo, Solange amebaki na kiti chake, na ndipo pazia lilipofunguka na komanda akasimama pale na kitambaa cha kufutia mikono. Hakupaza sauti. "Nani hapa anajua Kiingereza?" Macho yote yalimwendea Masika. "Mutoto wa nani huyu?" Mtu akasema wa kwao Kavira, wa Butembo. Komanda akamgeukia Masika. "Na Kiingereza ulijifunzia wapi?"

Nilitaka kusema kitu. Masika alifungua kinywa, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua vizuri kwamba kinachotoka ndani ya kinywa kile ni kweli siku zote. Solange ndiye aliyesimama. Alisimama kutoka kwenye kile kiti chake, akasogea mpaka akawa mbele ya Masika, na akasema, "Papa Komanda, samahani. Hapa hakuna mutu anajua Kiingereza. Huyu anabeya bongo. Mimi njo nilimufundisha kubeya. Mimi pia sijui Kiingereza. Najua yes na no, basi. Tangu Pasaka ninatunga tu. Ninaangalia sura za batu, ninatunga." Mama Zawadi akashika kifua. "Na kicheko? Alicheka mbele yako!" "Tulipanga, mama. Nilimufinya acheke, ili museme anajua, tuwe wawili ba kuwasemea." Komanda akaonyesha skrini kwa kidole. "Ile inasema nini?" "Sijui, papa." Akamwonyesha Masika. "Na wewe?" Masika alitazama ile skrini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na labda tangu azaliwe, alidanganya. "Sijui." Komanda akacheka kwa pua, akamwambia mkewe, "Mwanamuke, unalisha batoto ba bongo maandazi," akarudi kwenye ugali wake.

Lakini Mama Zawadi hakucheka. Alikuwa amesimama pale na sinia, macho yamejaa. "Na yule mama wa farasi?" aliuliza. "Yule mama alikufa akiaga batoto. Nililia. Nilimuombea misa!" Solange aliinamisha kichwa. "Sijui kama alikufa, mama." "Toka," akasema Mama Zawadi. "Toka kwangu." Na Solange akatoka, akipita katikati ya wanawake wanaomvuta blauzi na kumwita muongo, mgongo umenyooka kama Binti Jaji mwenyewe. Jumatatu klase nzima ilimpa jina, Yesi-na-No. Hakuna aliyembebea daftari tena. Wale wale waliokuwa wakimsukuma mtu ili wakae karibu naye walimsukuma yeye. Saa nne alikaa kwenye jiwe peke yake na andazi lake, na safari hii hakuna aliyedhani ni ukubwa. Nilikwenda nikakaa naye. Nilimuuliza kwa nini hakusubiri tu. Alikuwa ameshashinda, chumba kizima kilikuwa upande wake. Alinitazama kama ninayeuliza swali la mtoto. "Kavira, mimi nikianguka, ninaangukia hapa, kwenye klase. Yule angeangukia fasi gani?"

Nimezitazama filamu hizo nyingi tangu wakati huo, na binti zangu, zikiwa na maandishi ya Kifaransa chini, na sasa ninajua zinasema nini. Zote zina saa ambayo malkia wa shule anaanguka mbele ya watu, na sisi tuliomwonea wivu tunatakiwa kupiga makofi. Sijaona hata moja ambamo malkia anavua mwenyewe kila kitu alichonacho na kumfunika nacho msichana aliyekuja kumnyang'anya. Mimi niliona, Katindo, kwenye chumba cha mbao, nikiwa nimekaa sakafuni. Na sijui hata leo kama ningeweza. Wivu wangu haukuondoka siku ile, ulibadilika tu. Kabla ya hapo nilitaka sauti ya Solange. Baada ya hapo nilitaka moyo wake, na huo huwezi kwenda kuufanyia mazoezi kwenye mawe ya ziwa.

Jumapili zilizofuata tulitazama bila wa kutusemea. Mke wa askari mmoja alijaribu, akazomewa. Nilijaribu mimi, nisiseme yaliyonipata. Kiingereza kilitupita juu ya vichwa, watoto walilia, wanawake walianza kusukana wakiwa wameipa televisheni mgongo, na ilipofika ile filamu ya lunete, Binti Jaji akapita kwenye ukumbi wake mrefu na hakuna aliyejua tena kama anaogopwa au anachekwa. Mama Zawadi alivumilia, akavumilia, mwishowe akazima. "Kavira. Nenda umuite Solange." Nikamwambia, "Mama, si alisema hajui Kiingereza?" Akanisonya. "Nani amekuuliza Kiingereza? Aje atudanganye!" Chumba kikapiga kelele za furaha, na mimi nikatoka mbio, viatu mkononi, juu ya yale mawe makali, mpaka kwao Solange. Nilimkuta uani anachambua maharage na Masika nyuma yake anamsuka. Nilimpa habari nikihema. Akachambua maharage mengine machache, kisha akasema, "Rudi uwaambie batengeneze fasi ya batu wawili." Nilianza kabisa kufikiri nitakaa upande gani, wa kulia au wa kushoto. Solange akakung'uta sketi, akamshika Masika mkono, akamwinua. "Twende. Wewe kazi yako ni kunifinya nikipotea sana. Kidogo tu, batu wasione." Wakanipita wakicheka, nywele za Solange zikiwa zimesukwa nusu. Niliwafuata nyuma na wivu wangu, ambao ninao hadi leo, na niliongeza mwendo, kwa maana sikutaka kukosa mwanzo.